Graniti, jiwe la chokaa au sleti: uchague nyumba ipi ya mkulima wa Uingereza?

Nyumba ya mawe ya shambani Uingereza, kwa wengi wetu, ni picha moja tu: kuta za rangi ya asali, paa lenye mwinuko mkali, waridi limetambaa mlangoni. Picha hiyo ni ya kweli, na ni ya Cotswolds, vilima vya kusini ya kati ya Uingereza. Lakini nyanda za juu za Dartmoor, katika kaunti ya Devon, zina nyumba ya mkulima isiyofanana nayo hata kidogo, na kaskazini magharibi, kwenye milima ya Lake District, kuna ya tatu, nyeupe kwa chokaa, yenye mabomba ya moshi ya mviringo. Zote tatu ni za mawe, zote ni za wakulima, na nyingi kati ya zilizobaki zilijengwa au kujengwa upya kati ya karne ya 15 na ya 17. Ukiziweka zote kwenye kapu moja utakosa kile ambacho kila moja inakifanya vizuri kuliko mwenzake.

Anayeuliza aende kuona ipi, akodi ipi kwa likizo, au anunue ipi, mimi humwambia aanze na jiwe. Kabla ya mifereji na reli, kuvuta mawe kwa magari ya kukokotwa na wanyama kuligharimu zaidi kuliko mawe yenyewe, kwa hiyo mkulima alijenga kwa kile alichokikuta kwake. Jiwe hilo ndilo lililoamua upana wa dirisha, umbo la bomba la moshi, kuta ziachwe wazi au zivishwe, na mlango upewe nakshi au uachwe mtupu. Ukilielewa, nyumba nzima inajieleza.

Jiwe lenyewe

Graniti ya Dartmoor haikuhitaji machimbo. Ilikuwa imetapakaa malishoni, na kwa karne nyingi wajenzi waliyaokota mawe kama yalivyo na kuyaburuta hadi kiwanjani. Ili kupasua jiwe kubwa, mwashi alichonga mstari wa vijitundu virefu, akagongelea kabari mpaka litoe ufa. Mtindo wa kutoboa matundu ya duara ulikuja karibu na mwaka 1800, na alama za mitindo yote miwili bado zinaonekana. Ukiona tundu kwenye jiwe la mlangoni unaweza kukisia kazi hiyo ni ya zama gani. Graniti haichongeki kwa urahisi. Aliyetaka tao juu ya mlango, au tarehe na herufi za jina lake juu ya daka, alilipa kwa kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana uzuri wa nyumba ya Dartmoor haumo kwenye nakshi. Umo kwenye uzito: mawe makubwa ya pembeni, linta ya jiwe moja, na kuta nene ambazo mtu anaweza kuketi kwenye kizingiti cha dirisha akaenea.

Cotswolds ni kinyume chake. Jiwe la chokaa la huko liliumbika chini ya bahari ya kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, kwa vipunje vya mviringo vilivyoshikamana. Linapotoka ardhini likiwa bado na majimaji yake, huchongeka vizuri. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Waliokulia Lamu au Unguja wataitambua tabia hiyo mara moja, kwa sababu hata jiwe laini la matumbawe lilichongwa likiwa bichi kutengeneza nakshi za mihrabu na vidaka vya ukutani. Mwashi wa Cotswolds aliitumia nafasi hiyo mpaka mwisho. Alikigawa kila kidirisha kwa nguzo nyembamba za mawe, akatokeza ukingo wa jiwe juu yake ili maji ya mvua yasiteremke kwenye kioo, akapanda hadi kileleni mwa kila ukuta wa pembetatu na kuweka pambo dogo. Rangi nayo hubadilika kadiri unavyosafiri: karibu na Chipping Campden upande wa kaskazini ni ya dhahabu kwa ajili ya chuma kilichomo, na kusini kuelekea Bath inafifia na kuwa kama ya krimu.

Lake District jiwe ni sleti na jamaa zake, ambazo nyingi zilitokana na majivu ya volkano ya zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Hupasuka kuwa mabamba membamba, jambo la heri kwa paa, lakini mwashi anayetaka pembe ya mraba kutoka kwenye vipande hivyo anahangaika. Tazama jinsi walivyolitatua tatizo hilo: kama pembe ni shida, jenga kitu kisicho na pembe. Bomba la moshi la duara, lililosimama juu ya kitako cha mraba, limekuwa alama ya nyumba za huko. Na kwa kuwa nguzo za dirisha zisingechongeka kwa jiwe hilo, nyumba ya Townend, iliyoko kijiji cha Troutbeck karibu na Windermere, ilipewa nguzo za mti wa mwaloni.

Ng'ombe walilala wapi?

Hapa ndipo Dartmoor inapozipita nyingine zote, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Nyumba ndefu ya Dartmoor ni jengo moja jembamba ambalo watu na ng'ombe waliishi chini ya paa moja. Mjenzi hakulilaza kukinga mteremko. Alilielekeza kufuata mteremko, kichwa kikiwa juu na miguu chini. Nusu ya chini ilikuwa zizi. Katikati palikuwa na ushoroba unaokata nyumba toka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Nusu ya juu ilikuwa ukumbi wenye meko katikati ya sakafu, na nyuma yake chumba kimoja cha ndani. Ndani ya zizi, ng'ombe walifungwa kwenye vigingi kando ya kuta mbili za ubavuni, na katikati ya sakafu ya mawe ulipita mfereji uliotoka nje kupitia tundu kwenye ukuta wa mwisho. Juu yao ilikuwa dari ya kuhifadhia nyasi kavu. Mteremko ulifanya kazi ambayo leo tungewekea mabomba: uchafu wote ulishuka na kutoka, na haukuweza kupanda kwa watu.

Msomaji wa Kilimanjaro au Kagera hahitaji kuelezwa busara ya kulala karibu na mifugo usiku wa baridi. Nyumba za zamani za Wachagga na misonge ya Wahaya zilifanya hivyo hivyo. Kinachonivutia Dartmoor ni kwamba wazo hilo limeandikwa kwa mawe yasiyohama, kwa hiyo unaweza kusoma mabadiliko yake hatua kwa hatua. Mwanzoni watu na ng'ombe waliingia kwa mlango mmoja, wao wakipinda huku, wanyama kule. Hapakuwa na bomba la moshi. Moshi ulipanda ukapenya kwenye nyasi za paa, na katika baadhi ya nyumba za Devon boriti na tabaka la kwanza la nyasi bado ni jeusi kwa masizi ya zama za kati. Viambaza vya kugawa vyumba havikufika juu, kwa sababu moshi ulihitaji njia. Baadaye, katika karne ya 16 na ya 17, kikaja kizazi kilichochoka na moshi: wakajenga meko ya mawe yaliyoupa mgongo ushoroba, na mara moshi ulipopata bomba lake, hewa ya juu ikawa safi na ghorofa ikawezekana. Ndipo vyumba vya kulala vikapanda juu, ngazi ya mawe ikazungushwa ndani ya ukuta, daka likajengwa mbele ya mlango, na ng'ombe wakatobolewa mlango wao. Kila hatua unaiona. Utaona mawe ya daka hayajafungamana na ukuta, na mlango wa ng'ombe umekatwa pale ambapo hapo awali palikuwa ukuta mzima.

Mfano bora ni Higher Uppacott, karibu na kijiji cha Poundsgate. Asili yake ni karne ya 14, imewekwa katika Daraja la I, daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo ya kihistoria, na ilinunuliwa na mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Dartmoor. Thamani yake kubwa ni kwamba zizi halikugeuzwa. Katika nyumba nyingi za aina hii zizi limekuwa jiko au sebule, mfereji umefunikwa kwa sakafu mpya, na pamoja nao umefunikwa mantiki yote ya nyumba. Anayetaka kuona chanzo cha hadithi nzima aende pia Hound Tor, ambako misingi ya nyumba ndefu za karne ya 13 imelala wazi kwenye nyasi, katika kijiji kilichohamwa. Kuta zimebaki kimo cha goti, lakini mpangilio ni ule ule, na mteremko ni ule ule.

Cotswolds hawakulala na mifugo. Utajiri wao ulikuwa kondoo na sufu, na baadaye nafaka, na kondoo hakai ndani. Nafaka ikapewa ghala lake, mbali na nyumba. Ghala la Great Coxwell, karibu na Faringdon, lililojengwa karibu na mwaka 1300 kwa ajili ya watawa wa Beaulieu, lina urefu wa takriban mita 46 na paa la mawe lililobebwa na nguzo za mwaloni. Ukisimama ndani unaelewa kwamba hapa mavuno yalipewa heshima ya kanisa. Nyumba ya mkulima, ikiwa imetuliwa mzigo wa kazi hizo, ikapata nafasi ya kushughulikia uso wake. Kuta za pembetatu zikajipanga mbele, madirisha yakalingana juu na chini. Kelmscott Manor, kijijini Kelmscott kando ya mto Thames, pembezoni mwa Cotswolds, ilijengwa na familia ya wakulima ya Turner karibu na mwaka 1600, na mrengo ukaongezwa baadaye katika karne hiyo hiyo. Jina linaipa sauti ya kasri, lakini ilizaliwa nyumba ya mkulima aliyefanikiwa, na alitaka ionekane hivyo kutoka njiani.

Lake District ipo katikati. Townend ilijengwa karibu na mwaka 1626 na familia ya Browne, wakulima waliokaa pale zaidi ya miaka 400, hadi 1943. Mpango wake ni chumba kikuu chenye moto upande mmoja, na upande wa pili chumba cha kazi nzito: kupika, kufua, kutengeneza pombe na kuhifadhi nyama. Mifugo ilivuka njia hadi kwenye banda la ng'ambo, lililojengwa kwa kuegemea kilima, hivyo gari la nyasi liliingia ghorofa ya juu kutoka upande wa kilimani na ng'ombe wakaingia chini kutoka upande wa bondeni. Mteremko umetumika tena, safari hii kwa ghala badala ya nyumba. Wakulima wa huko walikuwa wapangaji kwa mila, si kwa mkataba, na mfalme James I alijaribu kuifuta haki yao, iliyotokana na kazi ya kulinda mpaka na Uskoti, baada ya mpaka huo kutulia mwaka 1603. Mwaka 1625 mahakama ikathibitisha kwamba wanaweza kurithisha ardhi zao. Mtu anayejua mwanawe atabaki pale ndiye anayejenga kwa mawe na kuchonga tarehe kwenye kabati la ukutani.

Paa

Kama ningekuwa naandika juu ya mapaa peke yake, Cotswolds ingechukua ukurasa mzima. Paa la huko ni la vigae vya mawe, si vya udongo. Kijiji cha Stonesfield, Oxfordshire, kilijulikana kwa vigae hivyo, na njia yake ilikuwa ya ajabu: waliyachimba mawe wakati wa vuli, wakayatunza yasikauke, kisha usiku wa baridi kali wa Januari wakayatandaza nje yakiwa na maji. Maji yaliyomo yaliganda, yakatanuka, na jiwe likafunguka tabaka kwa tabaka. Inasimuliwa kwamba kengele ya kanisa iligongwa usiku ili watu watoke vitandani kuyamwagia maji mawe yao kabla baridi haijapita. Msimu wa baridi usipokuwa mkali, hakukuwa na vigae. Biashara hiyo ilifikia mwisho mapema katika karne ya 20.

Vigae hivyo havikuwa na saizi moja, na hapo ndipo ufundi ulipoingia. Vikubwa kabisa viliwekwa chini kwenye upenu, penye maji mengi, na vikapungua safu kwa safu hadi vidogo kabisa karibu na kilele. Kila kimoja kilining'inizwa kwenye ufito kwa kijiti cha mwaloni kupitia tundu moja. Kwa kuwa jiwe hilo hunyonya maji, paa lilihitaji mwinuko wa nyuzi 50 au zaidi ili mvua isipate muda wa kukaa, na mwinuko huo ndio uliozaa vyumba vya darini na zile kuta za pembetatu zinazopigwa picha. Uzito wake ni karibu tani moja kwa kila mita za mraba 10. William Morris, mshairi na mbunifu wa nakshi aliyekodi Kelmscott kuanzia 1871 hadi alipofariki 1896, alilipenda paa hili kupita kiasi, na ukilitazama kutoka bustanini, jinsi safu zinavyopungua taratibu kuelekea juu, utampa haki.

Dartmoor waliezeka kwa mabua ya ngano au matete. Paa kama hilo ni jepesi na lina joto, na fundi anapoezeka upya mara nyingi huondoa lile lililooza tu na kuacha tabaka za chini, ndiyo maana tabaka la karne ya 15 linaweza kuwa bado lipo chini ya nyasi za juzi. Nyumba nyingi baadaye zilibadilishiwa sleti, na nyingine mabati. Lake District ni sleti ya kijani kibichi au ya bluu-kijivu. Hainyonyi maji na hudumu mno, na kati ya mapaa matatu hili ndilo ambalo mwenye nyumba atalifikiria mara chache zaidi.

Mvua na chokaa

Dartmoor na Lake District zote hupata mvua nyingi. Princetown, katikati ya Dartmoor, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Seathwaite huko Lake District zaidi ya 3,000. Ukuta wa graniti una ngozi mbili za mawe na kifusi na udongo katikati; jiwe lenyewe halinyonyi, kwa hiyo maji hutafuta njia kwenye viungo. Ukuta wa vipande vya sleti una viungo vingi zaidi, na upepo ukipiga mvua kwa ubavu, maji yanaingia. Jibu la wakulima wa kaskazini lilikuwa kuuvisha ukuta lipu ya chokaa iliyochanganywa na kokoto, kisha kuupaka chokaa nyeupe kila baada ya miaka michache. Weupe wa Townend, basi, ni koti la mvua. Wapo wanaobandua lipu hiyo wakitaka mawe yaonekane, na ninaumia kila nikiona, kwa sababu mawe yale hayakupangwa ili yaonekane, na nyumba huanza kulia maji ndani ya msimu mmoja.

Adui wa nyumba zote tatu ni mmoja: saruji. Chokaa hupumua, unyevu uliopenya hutoka kupitia viungo. Saruji ni ngumu na hufunga; maji yakishapita kwenye ufa wake hayatoki tena, na jiwe laini lililo karibu, hasa la Cotswolds, huanza kumeguka uso wake baridi inapogandisha maji hayo. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wameliona tatizo hili hili kwenye kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa saruji juu ya chokaa. Graniti yenyewe haidhuriki kwa saruji, lakini ndani ya ukuta udongo hulowa na vyumba hunuka ukungu. Sleti iko kati ya hizo mbili.

Basi uende ipi?

Kama una siku moja tu na hujawahi kuona yoyote, na unataka kuelewa jinsi watu walivyoishi, nenda Townend. Vyombo vimebaki mahali pake, mbao zimechongwa na mikono ya familia yenyewe, vitabu vya mkulima viko rafuni, na banda la kilimani liko ng'ambo ya njia. Inatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na mandhari ya kihistoria, na Windermere ina kituo cha treni, jambo ambalo si dogo kwa asiye na gari. Hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo hakikisha kabla ya kusafiri.

Kama unachotafuta ni ufundi wa mkono, au wewe ni mwashi, seremala au mwanafunzi wa usanifu majengo, Kelmscott itakufaa zaidi. Panda hadi darini uone jinsi boriti zinavyobeba tani zile za mawe. Nyumba ni mali ya Society of Antiquaries ya London tangu 1962, nayo hufunguliwa kwa msimu. Unganisha safari hiyo na ghala la Great Coxwell, si mbali. Onyo moja: usiende vijiji mashuhuri vya Cotswolds kama Bibury ukidhani utaona nyumba za wakulima. Arlington Row, inayopigwa picha kuliko zote, ilianza kama ghala la sufu na ikageuzwa kuwa vyumba vya wafumaji.

Dartmoor naipendekeza kwa aliyekwisha kuona nyumba kadhaa na sasa anataka kuona wazo. Na kwa usanifu mtupu, kwa jinsi mteremko, maji, moshi na mnyama vilivyoamua kila ukuta, mimi binafsi naiweka ya kwanza. Hakuna nyumba nyingine Uingereza ambayo mchoro wake unaweza kuueleza kwa mtoto na akaurudia bila kukosea. Higher Uppacott haiko wazi kila siku, kwa hiyo usifunge safari bila kuuliza. Hound Tor iko wazi wakati wote, bure. Bila gari utapata taabu.

Kwa wiki ya likizo, jibu langu ni Dartmoor tena. Landmark Trust hukodisha nyumba ndefu iitwayo Sanders, katika kitongoji cha Lettaford, ya karibu na mwaka 1500. Ukilala humo unajifunza yale ambayo ziara ya saa moja haiwezi kukufunza: jinsi kuta nene zinavyochelewa kupata joto na kuchelewa kulipoteza, jinsi mwanga unavyoingia kidogo kidogo kupitia madirisha yale, jinsi ushoroba unavyogeuka kuwa njia ya upepo milango yote miwili ikiachwa wazi. Chukua sweta hata mwezi wa Juni. Wenye watoto wadogo au wazee wasiopenda giza wakodi Cotswolds, ambako vyumba vina mwanga zaidi na nyumba za kukodi ni tele, ila bei ni ya juu.

Kama ni kununua

Hapa nabadilisha mpangilio, kwa kuwa mnunuzi ataishi na nyumba majira yote ya baridi na kulipa kila bili.

Sheria kwanza, na ni moja kwa zote. Takriban nyumba zote za zama hizo ambazo hazijaharibiwa sana ziko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Daraja la I ni asilimia 2.5 hivi ya orodha nzima; Daraja la II, ambalo ndilo utakalokutana nalo zaidi, ni zaidi ya asilimia 90. Kubadilisha jengo bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990, na ulinzi unagusa ndani na nje. Zaidi ya hapo, ukinunua nyumba ambayo mmiliki wa awali aliibadilisha bila idhini, halmashauri inaweza kukutaka wewe uirudishe ilivyokuwa, na hakuna ukomo wa miaka. Kwa hiyo wakili wako aombe idhini za kila dirisha jipya na kila ukuta uliotobolewa.

Anayetaka vyumba zaidi asinunue nyumba ndefu yenye zizi lisilogeuzwa akitumaini kuligeuza. Zizi hilo ndilo sababu kubwa ya nyumba kulindwa, na maombi kama hayo yana nafasi finyu. Dartmoor pia ina jambo la afya: graniti hutoa gesi ya radoni, isiyoonekana wala kunusika, nayo huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Kiwango cha kuchukua hatua Uingereza ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Kipimo chake ni kisanduku kidogo kinachoachwa ndani kwa miezi mitatu, na tiba, feni ya kuvuta hewa chini ya sakafu, si ghali ikilinganishwa na bei ya nyumba. Usiikimbie nyumba kwa ajili hiyo, ipime tu. Paa la nyasi nalo litapandisha bima, na kilele chake huhitaji kufanywa upya kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi.

Cotswolds, gharama imejificha kwenye paa. Vijiti vya mwaloni na fito huoza kabla ya mawe, na kuezeka upya maana yake ni kuteremsha kila kigae, kukipanga kwa saizi, na kununua vya kufidia vilivyovunjika, ambavyo vya asili ni adimu na vya bei kubwa. Tazama mstari wa paa kutoka mbali: likibonyea taratibu, huo ni uzee wa kawaida wa mwaloni; likiwa na shimo la ghafla au mawe yameteleza sehemu moja, jiandae. Hata hivyo kwa kuishi kila siku ndiyo ninayoipendekeza kati ya tatu, kwa yeyote anayeimudu bei yake: ina mwanga, vyumba vinaingilika, mvua ni kidogo, na jiwe lake likitengenezwa kwa chokaa hukauka vizuri. Lake District inaifuata kwa karibu, na ina paa lisilosumbua. Unachonunua pale pamoja na nyumba ni kazi ya kupaka chokaa kwa maisha yako yote.

Popote utakapochagua, usimtume mkaguzi wa majengo wa kawaida. Wengi wao hupima unyevu kwa kifaa kilichokusudiwa kuta za kisasa, kisha hupendekeza kudunga kemikali ukutani, dawa inayofanya madhara kwenye ukuta wa mawe usio na msingi wa kuzuia maji. Tafuta anayejua chokaa. Society for the Protection of Ancient Buildings, chama alichokianzisha Morris mwaka 1877, hutoa ushauri wa kiufundi kwa simu bila malipo, na wanazoea kupigiwa na watu ambao bado hawajanunua.